Kujenga Tesseract kwa ajili ya akaunti ya upangishaji wa pamoja: shajara ya mradi

11 Mei 2024: Kazi yenyewe na mipaka ya akaunti

Chama kimoja cha ushirika mkoani Tanga kina mihtasari ya vikao na nyaraka zilizopigwa taipu kuanzia miaka ya 1960. Kurasa hizo zimekwisha kuskaniwa na kuwekwa kwenye tovuti ya chama, lakini ni picha tupu, na mwanachama anayetaka kujua ni kikao kipi kilichojadili bei ya iliki hana budi kufungua ukurasa mmoja mmoja. Lengo la mradi ni kuyatoa maandishi ndani ya picha hizo ili yaweze kutafutwa, na kuifanya kazi hiyo pale pale tovuti ilipo, yaani kwenye akaunti ya upangishaji wa pamoja, ambapo wateja wengi hutumia seva moja.

Programu iliyochaguliwa ni Tesseract, inayotambua maandishi yaliyo ndani ya picha, iliyoanzia kwenye maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuwekwa huria mwaka 2005. Leseni yake ni Apache 2.0, na tayari ina data ya lugha ya Kiswahili kwa jina la `swa`. Njia nyepesi ingekuwa kukodi seva pepe yenye haki zote na kuisakinisha kwa amri moja, ila chama kimeshalipia akaunti ya upangishaji wa pamoja hadi mwakani, na mweka hazina ameeleza bila kuuma maneno kwamba hakuna fungu jingine.

Kabla ya kupakua chochote niliipima akaunti, na ninamshauri kila atakayeinakili kazi hii aanzie hapo. Mfumo ni wa jamii ya CentOS 7, na maktaba yake ya msingi ya C, yaani glibc, ni toleo 2.17 la mwaka 2012. Kila akaunti imefungiwa ndani ya CageFS ya CloudLinux, uzio unaotenga wateja wa seva moja, hakuna haki za msimamizi mkuu, RAM ni GB 1, michakato haizidi 100, na idadi ya faili haizidi 200,000 hata kama nafasi ya diski bado ipo. Folda ya `/tmp` imewekwa kwa sharti la `noexec`, hivyo programu haiwezi kuendeshwa kutoka humo. Upande wa PHP, `exec` na `shell_exec` zimezuiwa. Amri ya `gcc`, yaani kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, inajibu `Permission denied`.

25 Mei 2024: Kujenga juu ya seva yenyewe

Niliiandikia kampuni inayotukodisha nafasi kuomba ruhusa ya kutumia kompaila. Jibu la kwanza lilikuwa fupi: «Ndugu mteja, huduma hiyo haipo kwenye kifurushi chako.» Baada ya maelezo marefu kuhusu nyaraka za chama, ruhusa ilitolewa.

zlib na libpng, maktaba za ubanaji na za picha za PNG, zilijengeka bila shida, mradi `TMPDIR` ielekezwe kwenye folda ya nyumbani badala ya `/tmp`. Tesseract ilikwama kwenye hatua ya `configure`, inayokagua mfumo kabla ya kujenga:

`Your compiler does not have the necessary C++17 support! Cannot proceed.`

Kompaila ya CentOS 7 ni gcc 4.8.5, na Tesseract 5 inadai C++17, kiwango cha lugha ya C++ kilichopitishwa miaka kadhaa baada ya kompaila hiyo kutengenezwa. Hakuna swichi ya kuuvuka ukuta huo. Wapo wanaoshauri kurudi kwenye Tesseract 3, lakini toleo hilo halina injini ya mtandao wa neva iliyoingia na toleo la 4, na kwa karatasi za taipu zilizofifia injini hiyo ndiyo yenye tofauti.

Jaribio lililofuata lilikuwa kujenga gcc mpya ndani ya akaunti, na ninalieleza kwa kirefu ili mwingine asilirudie. Msimbo chanzo wa gcc una maelfu mengi sana ya faili, sehemu kubwa zikiwa za majaribio, na ukiongeza GMP, MPFR na MPC ambazo gcc inazitegemea, pamoja na faili zinazozaliwa wakati wa kujenga, kwota ya idadi ya faili ilijaa. Tovuti ikaanza kurusha kosa la `Disk quota exceeded` huku jopo la udhibiti likionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski ni tupu, kwa sababu PHP ilikuwa haiwezi kuandika hata faili ndogo ya kikao cha mtumiaji. Nilifuta folda ya majaribio, nikaendelea na `make -j1`, na ujenzi ukafia njiani:

`g++: internal compiler error: Killed (program cc1plus)`

Ujumbe huo hausemi sababu, lakini maana yake ni moja: mchakato ulivuka kikomo cha RAM ukauawa. Kupunguza kiwango cha uboreshaji kulisogeza mbele mahali pa kufia, hakukuondoa tatizo. Njia hii nimeifunga. Gharama yake ilikuwa tovuti kutofanya kazi kwa saa kadhaa za jioni, na simu ya katibu wa chama.

8 Juni 2024: Kujenga kwenye kompyuta ya mezani na kuhamisha

Kompyuta yangu inatumia Ubuntu 22.04. Huko Tesseract inajengeka kwa dakika chache, na faili zilizopatikana nilizipakia kwenye akaunti. Seva ilizikataa papo hapo:

`/lib64/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found`

Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35. Glibc hutunza upatanifu wa upande mmoja: programu iliyojengwa kwenye toleo la zamani huendeshwa kwenye toleo jipya, kinyume chake hapana. Nilidhani kwanza kwamba kuna kazi mahususi ya kisasa ambayo Tesseract inaiita na ambayo ningeweza kuizima. Hakuna. Kuanzia toleo 2.34, glibc iliipa namba mpya ya toleo alama ya `__libc_start_main`, ambayo kila programu huipitia inapoanza, na kwa sababu hiyo hata programu ya mistari mitatu iliyojengwa kwenye mfumo mpya itakataliwa na seva ya zamani.

Kushusha glibc mpya kwenye folda ya nyumbani na kuilazimisha itumike kunawezekana kwa nadharia, lakini ni kujitafutia balaa, kwa kuwa kipakiaji na maktaba zake lazima viende pamoja na kosa dogo huangusha kila kitu. Kuunganisha kila maktaba ndani ya faili moja lisilotegemea chochote, hasa kwa kutumia musl, maktaba nyingine ya msingi ya C, badala ya glibc, ni njia halali. Sikuichukua kwa sababu maktaba ya Leptonica, inayoshughulikia picha kwa niaba ya Tesseract, nataka itumike pia na programu ndogo ya kunyoosha kurasa zilizoskaniwa zikiwa zimepinda.

22 Juni 2024: Konteina ya mfumo wa zamani wenye kompaila mpya

Suluhisho lilitoka kwa watu wa Python. Kundi la PyPA, linalosimamia ufungashaji wa programu za Python, hutunza konteina (mfumo uliofungashwa unaoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) inayoitwa manylinux2014, iliyojengwa juu ya CentOS 7 yenye glibc 2.17 lakini ikiwekewa gcc 10 ya devtoolset, mkusanyiko wa zana mpya kwa mifumo ya zamani. Kompaila hiyo ina ujanja wa thamani kubwa: sehemu za libstdc++ (maktaba ya msingi ya C++) ambazo CentOS 7 haina huingizwa ndani ya programu yenyewe, na zilizopo hutumiwa kama zilivyo. Kinachotoka humo kinafahamu C++17 na bado kinakubalika kwenye seva.

`docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi quay.io/pypa/manylinux2014_x86_64 bash`

Mpangilio wa kujenga ni zlib 1.3.1, libjpeg-turbo 3.0.2, libpng 1.6.43, libtiff 4.6.0, Leptonica 1.84.1, kisha Tesseract 5.3.4. Kila moja hujengwa baada ya zile inazozitegemea, na zote huenda kwenye folda moja:

```
export PREFIX=/kazi/tess
export PKG_CONFIG_PATH=$PREFIX/lib/pkgconfig
export CPPFLAGS=-I$PREFIX/include
export LDFLAGS=-L$PREFIX/lib
```

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba kifurushi cha msimbo wa Tesseract kutoka GitHub hakina `configure`. Lazima uendeshe `./autogen.sh` kwanza.

Ujenzi wa kwanza ulimalizika bila kosa hata moja, na hapo ndipo ulipokuwa na kasoro. Tesseract ilianza vizuri, ikasoma picha ya majaribio ya PNG, lakini ilipopewa ukurasa halisi wa JPEG ilijibu:

`Error in pixReadStreamJpeg: function not present`

Chanzo chake kilikuwa tarakimu mbili za ziada. libjpeg-turbo hujengwa kwa zana ya CMake badala ya `configure`, na kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat iliziweka faili zake kwenye `lib64`, ilhali maktaba nyingine zote zilikuwa `lib`. `configure` ya Leptonica ilitafuta JPEG, haikuiona, ikaandika «no» kwenye mstari mmoja kati ya mamia, ikaendelea kujenga toleo lisilojua JPEG. Baya zaidi ni kwamba libtiff nayo ilikuwa imefanya vivyo hivyo, na kwa kuwa baadhi ya TIFF za chama zimebanwa kwa JPEG ndani yake, tatizo lingejitokeza baadaye kwa ujumbe mwingine kabisa.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, CMake ilielezwa mahali pa kuweka faili:

`cmake -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$PREFIX -DCMAKE_INSTALL_LIBDIR=lib -DWITH_SIMD=0 ..`

(SIMD, maagizo ya kichakataji ya kuongeza kasi, nimeizima kwa sababu inadai toleo la zana ya NASM jipya kuliko la CentOS 7, na kasi ya kufungua JPEG si hoja katika kazi hii.) Pili, Leptonica ilipewa `--with-jpeg --with-libpng --with-libtiff` kwa kutamka, ili kitu kinapokosekana isimame kwa kosa badala ya kunyamaza. Ujenzi unaopiga kelele ni rafiki. Huu unaokamilika kimyakimya ndio uliokula muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote ya mradi. Ushahidi wa kuaminika si mwisho wa `make` bali ni tamko la programu yenyewe:

```
$ tesseract --version
tesseract 5.3.4
 leptonica-1.84.1
  libjpeg 6b (libjpeg-turbo 3.0.2) : libpng 1.6.43 : libtiff 4.6.0 : zlib 1.3.1
```

Maktaba isiyotajwa kwenye mstari wa tatu haimo.

Kabla ya kupakia faili, alama za glibc hukaguliwa hivi, na mstari wa mwisho wa jibu usizidi `GLIBC_2.17`:

`objdump -T bin/tesseract lib/*.so* | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu`

Gharama ya hatua hii ilikuwa bando la intaneti la shilingi 10,000, sehemu kubwa ikimezwa na konteina.

6 Julai 2024: Hazina za CentOS 7 zimezimwa

CentOS 7 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024. Nilipofungua konteina niliyoipakua mwezi uliopita ili kuongeza zana ndogo, `yum`, amri ya kusakinisha vifurushi, ilishindwa kwa `Could not resolve host: mirrorlist.centos.org`, kwa kuwa jina hilo limeondolewa kabisa. Vifurushi vimehamishiwa kwenye `vault.centos.org`, na faili za `/etc/yum.repos.d` hurekebishwa hivi:

```
sed -i -e 's/^mirrorlist=/#mirrorlist=/' \
 -e 's|^#\s*baseurl=http://mirror.centos.org|baseurl=http://vault.centos.org|' /etc/yum.repos.d/*.repo
```

Baada ya hapo nimeihifadhi konteina nzima kwa `docker save` kwenye diski ya nje, pamoja na vifurushi vyote vya msimbo chanzo na namba zao za SHA-256. Anayejenga kwa ajili ya mfumo uliostaafu asitegemee kwamba kilichopo mtandaoni leo kitakuwepo msimu ujao.

20 Julai 2024: Programu inafanya kazi kwa mkono, inakataa kwenye cron

Folda ilipakiwa kwenye akaunti na kuwekwa `~/tess`. Kwa kuwa `/kazi/tess` haipo huko, niliandika `LD_LIBRARY_PATH`, kigeu kinachoonyesha mahali pa kutafuta maktaba, kwenye `.bash_profile`, na kila kitu kilikwenda sawa nilipoingia kwa SSH. Kazi ile ile ilipoitwa na cron, kiratibu cha kazi za kujirudia, ilikufa:

`error while loading shared libraries: libleptonica.so.6: cannot open shared object file: No such file or directory`

Cron haisomi `.bash_profile`. Ingewezekana kuongeza kigeu hicho ndani ya skripti, lakini `LD_LIBRARY_PATH` huathiri kila programu inayoitwa humo, na libpng au zlib yetu ingeanza kuingizwa kwenye programu za seva zisizohusika. Njia safi ni kuiandikia programu yenyewe mahali zilipo maktaba zake, kwa kutumia `$ORIGIN`, neno ambalo kipakiaji hulitafsiri kuwa folda ambamo faili limo.

Niliijenga upya kwa `LDFLAGS='-L/kazi/tess/lib -Wl,-rpath,$ORIGIN/../lib'`, na kosa likabaki vilevile. `readelf -d` ilionyesha kilichotokea:

`Library runpath: [RIGIN/../lib]`

Alama za nukuu ziliilinda `$ORIGIN` dhidi ya ganda la amri, lakini `make` nayo ina vigeu vyake: ilisoma `$O` kama kigeu kisicho na thamani, ikakifuta, ikaacha `RIGIN`. Kuna namna ya kuandika dola na mikwaju mpaka ipite salama kwenye tabaka zote, na kila mradi huhitaji idadi tofauti. Nimeachana nayo. Baada ya kujenga ninatumia `patchelf`, zana ya kubadili njia hiyo ndani ya faili lililokwisha kujengwa, iliyomo tayari ndani ya konteina:

```
patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' bin/tesseract
for f in lib/*.so.*; do [ -L "$f" ] || patchelf --set-rpath '$ORIGIN' "$f"; done
```

Mstari wa pili si wa hiari. Kinachoandikwa siku hizi ni RUNPATH, aina mpya ya njia ya maktaba iliyo ndani ya faili, na RUNPATH ya programu haitumiki kutafuta maktaba za maktaba zake. Bila mstari huo `tesseract` huiona Leptonica, kisha Leptonica inashindwa kuiona libtiff yetu, au inaangukia kwenye libtiff ya zamani ya seva kama ipo, jambo ambalo ni gumu zaidi kulibaini.

Njia ya data ya lugha ilileta kosa la aina hiyo hiyo, kwa sababu nayo huandikwa ndani ya programu wakati wa kujenga. `TESSDATA_PREFIX` huondoa tatizo hilo, ila maelekezo mengi ya zamani yanapotosha: tangu toleo la 4 kigeu hicho kinapaswa kuonyesha folda ya `tessdata` yenyewe, na si folda iliyo juu yake kama ilivyokuwa kwenye toleo la 3.

10 Agosti 2024: Nyuzi na kumbukumbu

Kurasa za kwanza zilisomwa vizuri usiku. Mchana, wageni wa tovuti wanapokuwa wengi, kazi ilikatika kwa `libgomp: Thread creation failed: Resource temporarily unavailable`. Tesseract hugawa kazi kwa nyuzi kadhaa zinazokwenda sambamba kupitia OpenMP, na CloudLinux huihesabu kila moja ndani ya kikomo cha michakato, pamoja na michakato ya PHP. Kuweka `OMP_THREAD_LIMIT=1` kunatosha kwa dharura; mimi nimejenga upya kwa `--disable-openmp`, kwa kuwa kwenye akaunti yenye kiini kimoja cha kichakataji nyuzi hizo haziongezi kasi yoyote.

Kumbukumbu ilihitaji hesabu. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi kwa dpi 600 una pikseli 4,960 kwa 7,016, na Leptonica huhifadhi kila pikseli ya rangi kwa baiti 4, hivyo nakala moja ya picha hula takriban MB 139 kabla kazi haijaanza. Wakati wa usindikaji nakala huwa zaidi ya moja, na tovuti yenyewe inahitaji sehemu yake ya GB 1. Ukurasa huo huo ukishushwa hadi dpi 300 na kuwa wa kijivu unabaki na MB 8.7 kwa nakala. Kwa maandishi ya taipu sikuona tofauti ya usahihi, isipokuwa kwenye nakala za kaboni zilizochuja sana, ambazo kwa vyovyote hazisomeki vizuri hata kwa macho. Upunguzaji unafanyika kwenye kompyuta ya ofisi ya chama kabla ya kupakia, na umepunguza pia gharama ya bando kwa kiasi ambacho katibu amekifurahia kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi.

31 Agosti 2024: Foleni

Kwa kuwa PHP hairuhusiwi kuita programu, tovuti huandika jina la ukurasa kwenye folda ya foleni, na cron huipitia:

`*/5 * * * * flock -n $HOME/foleni/kufuli $HOME/foleni/endesha.sh`

`flock -n` huzuia zamu mpya kuanza kabla ya ile ya awali kwisha. Skripti huchukua kurasa chache kwa kila zamu, huzisindika kwa `nice -n 19`, yaani kwa kipaumbele cha chini kabisa, na huandika matokeo kwanza kwenye faili la muda ndani ya folda ile ile kisha hulibadilisha jina, ili mchakato ukiuawa katikati tovuti isisome ukurasa nusu. Data ya lugha ni `swa` kutoka hazina ya tessdata_fast; ile ya tessdata_best ni nzito na polepole zaidi kwa akaunti ya namna hii. Nyaraka zenye barua za Kiingereza huendeshwa kwa `-l swa+eng`.

Faili zilizojengwa zimepunguzwa ukubwa kwa `strip --strip-unneeded`, inayoondoa alama zisizohitajika. Hilo lifanyike kabla ya `patchelf`, kwani nimeona maktaba zikiharibika mpangilio ulipogeuzwa.

12 Oktoba 2024: Seva imehamishwa

Kampuni imehamishia akaunti kwenye mfumo mpya wenye glibc 2.28, na njia ya folda ya nyumbani imebadilika kutoka `/home` kwenda `/home3`. Tesseract na maktaba zake ziliendelea kufanya kazi bila kuguswa, kwa sababu ya `$ORIGIN`. Kilichovunjika ni mstari mmoja wa `endesha.sh` ulioandika `TESSDATA_PREFIX` kwa njia kamili; sasa unatumia `$HOME`.

Ruhusa ya gcc haikuhamishwa pamoja na akaunti, na sijaiomba tena. Kinachobaki ni usafishaji wa maandishi: apostrofi ya ng' hutoka kwa maumbo matatu tofauti kutegemea hali ya utepe wa taipu, na utafutaji wa tovuti huyahesabu kama maneno tofauti. Nimeongeza hatua ya `sed` inayoyageuza yote kuwa umbo moja kabla ya kuingia kwenye hifadhidata, na kurasa zilizosomwa kabla ya leo zimerudishwa kwenye foleni.